Jina la Mzee Halikatwi

Nikolausi Tluway alipitisha mikono yake katikati ya nondo za lokapu ili Sajenti Hadiya aitazame vizuri. Ngozi ya viganja ilikuwa imebabuka, nyeupe kama ya mtu aliyefua nguo za kijiji kizima.

"Hii ndiyo wanasema ni ushahidi," alisema. "Eti nimeungua nikimwaga dawa kwenye maji. Afande, mimi niliungua nikimsafisha mdomo mtoto wa watu."

"Ufunguo wa kibanda cha dawa anao nani?"

"Mimi."

"Na nani mwingine?"

"Mimi tu. Nikisema kuna mwingine nitakuwa nadanganya."

"Ungedanganya ungenirahisishia kazi."

"Basi unisamehe kwa usumbufu," Nikolausi alisema, akarudisha mikono ndani.

Jana yake asubuhi, maji ya bomba la Getamuri, upande wa Basotu, yalitoka yakinuka dawa kiasi cha kumkata mtu pumzi. Mtoto wa kike wa mama mmoja wa Kibarbaig alikunywa kikombe, akaungua koo, sasa yuko wodini. Ndama walilala kando ya birika la kunyweshea mifugo na hawakuinuka tena. Na kabla ya chakula cha mchana Mkaguzi Maximilian, bosi wa Hadiya, alikuwa amekwisha kumpata mhalifu. Wakubwa wakitaka kupata huwa wanapata. Nikolausi ni Mwiraqw, mkulima. Msimu uliopita ng'ombe wa Wabarbaig waliingia kwenye mahindi yake, akapiga kelele mbele ya watu kwamba atawaonyesha. Yeye ndiye mtunza bomba. Ufunguo anao. Ndoo ilikutwa nyumbani kwake inanuka dawa. Faili likafungwa.

Kesho anapelekwa mahakamani. Kesho hiyo hiyo mgeni rasmi anazindua bomba la pili, kule Mogitu. Wenye vyeo wanapenda kuunganisha shughuli, kama wanavyofanya watu wa harusi na ubatizo. Lakini huko Getamuri vijana wa maboma walikuwa wameanza kuulizana shamba la Nikolausi linaanzia wapi, na hawakuwa wanauliza ili wakapalilie.

"Ukienda kwangu," Nikolausi alisema, "mwambie Kornelia awatoe watoto awapeleke kwa mjomba wao."

"Sitamwambia," Hadiya alisema. "Watalala kwao."

Alisaini kaunta, akachukua ule ufunguo uliowekwa kama kielelezo, akapanda pikipiki.

*

Kibanda cha dawa kilikuwa chumba kidogo cha bati nyuma ya tangi. Ndani mna pipa la klorini, mpira mwembamba kama penseli unaotoka kwenye pipa kwenda kwenye pampu ndogo, na ukutani kisanduku cha umeme chenye kioo. Mwananchi akigusisha kadi yake pale nje, kisanduku kinafungua maji na kuiamuru pampu itie dawa tone kwa tone. Hivyo ndivyo kampuni ya Bomba Janja ilivyowaambia watu siku ya mkutano, na watu wakapiga makofi kwa sababu mwenyekiti alipiga.

Hadiya alitoa picha iliyokuwa kwenye faili. Ilionyesha pipa kwa mbali. Mpiga picha alisimama mlangoni, hakutaka kuchafua viatu.

Yeye aliingia. Alilisukuma pipa kwa goti, likasogea kama debe tupu. Halikuwa na kitu. Akainama kwenye mfuniko. Waya mwembamba ulizunguka shingo ya pipa, na kwenye waya palining'inia lakiri, muhuri wa risasi wenye nembo ya Bomba Janja. Waya haukukatwa. Lakiri haikuguswa. Vumbi la juu yake lilikuwa lile la tangu pipa liletwe.

Simu ikaita. Maximilian.

"Uko wapi, sajenti?"

"Kwenye maji, afande."

"Nani kakutuma? Faili limefungwa."

"Hata pipa limefungwa, afande. Hapo ndipo pagumu. Nikolausi kalimwagaje pipa ambalo halijafunguliwa?"

"Usinichezee. Rudi kituoni sasa hivi."

"Mtandao wa huku unasumbua, afande. Nasikia nusu nusu."

Mtandao ulikuwa umejaa. Alizima simu akaiweka mfukoni.

Ufunguo wa Nikolausi ulifungua mlango, haukufungua pipa. Dawa ilipita kwenye mpira, na kwenye mpira haivutwi na mkono wa mtu, inavutwa na pampu. Pampu nayo inasikiliza kisanduku peke yake. Ikabaki ile ndoo. Hadiya alipita nyumba ya kwanza, akaomba ndoo, akainusa. Akapita ya pili. Akapita kwa katekista. Zote zilinuka dawa, maana wote walichota yale yale maji. Kama ndoo ndiyo ushahidi, lokapu ingehitaji kujengewa ghorofa.

*

Udamaisa, mama wa yule mtoto, alikuwa amerudi bomani kuchukua blanketi la kupeleka wodini. Maelezo yake kwenye faili yalikuwa mafupi: shahidi anakataa kumtaja mtu aliyegusisha kadi kabla ya maji kuharibika, inaonekana anamficha mtuhumiwa.

Mama amfiche mtu aliyemchoma mwanawe. Aliyeandika vile alikuwa na nyota begani.

"Pole, mama," Hadiya alisema. "Mtoto anaendeleaje?"

"Anameza maziwa. Kwa kijiko."

"Nataka kujua nani aligusisha kadi."

"Wameniuliza wenzako. Nimekataa. Wakasema watanifunga. Nikasema nifungeni, lakini maziwa ya mtoto mtapeleka nyie."

"Wao walikuuliza jina."

"Ee."

"Mimi sikuulizi jina. Nakuuliza hivi: huyo mtu, jina lake huwa halipiti mdomoni mwako?"

Udamaisa aliacha kukunja blanketi.

"Umeolewa huku?"

"Hapana. Nimekulia dukani kwa baba, Dongobesh. Mama zenu walikuwa wakitumwa sukari na mkwe, wanasema wametumwa na mwenye boma. Hata baba awabane vipi, jina hawalisemi."

"Duka la Mzee Muksini? Lile la sukari yenye mchanga?"

"Hiyo ilikuwa ya baba. Mimi ni serikali."

"Afadhali mchanga," Udamaisa alisema. Kisha akaelekeza kidevu upande wa zizi. "Ni baba wa mume wangu. Aligusisha yeye, maji yakaja na moshi. Nikolausi alikimbia akalipiga birika teke ng'ombe watoke, akamnyang'anya mtoto kikombe. Hayo nayo niliwaambia. Waliandika?"

"Hawakuandika."

"Basi andika wewe."

Hadiya aliandika, akamsomea, Udamaisa akaweka dole gumba. Kisha akaenda zizini. Mzee alikuwa amesimama na fimbo, shuka begani, kadi ya maji ikining'inia shingoni kwa kamba ya ngozi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja kunifunga?"

"Nimekuja kuona kadi yako. Umeshaigusisha mara ngapi?"

"Jana ndiyo mara ya kwanza. Kuchota maji ni kazi yangu? Wanawake wana kadi zao. Jana walikuwa wanagombania foleni, nikaja mwenyewe, wakanyamaza. Nikagusisha, mradi wajue na mimi ninayo."

Kadi za watu wengine zilikuwa na jina moja au mawili. Hii ilikuwa imejaa maandishi yaliyobanana kutoka pembe hadi pembe: Gidamuhaled Gidashanga Gidaburjanda Gidabanoda.

"Kijana wa mradi alitaka kuandika Gidamuhaled peke yake," mzee alisema. "Nikamwuliza, na baba yangu nimtupe wapi? Na babu? Akasema mzee, nafasi ni ndogo. Nikamwambia nafasi ni yako, jina ni langu. Jina la mzee halikatwi. Ukilikata umemzika mara mbili."

"Akaandika lote?"

"Angefanyaje? Fimbo hii ilikuwa mkononi."

"Naomba uniazime kadi, mzee. Niipeleke Katesh, kwa wenye mradi."

"Kadi inakwenda na mwenyewe."

Ndivyo Sajenti Hadiya alivyoingia Katesh, mzee nyuma ya pikipiki, shuka likipepea, fimbo imenyooka kama mlingoti wa bendera.

*

Karakana ya Bomba Janja ilikuwa ndani ya ukuta, na uani palikuwa na tangi, pipa la klorini lenye lakiri, pampu na kisanduku, vyote vipya, vikisubiri kupakiwa kwenda Mogitu. Mkurugenzi, Bwana Hilary, alikuwa na shati jeupe lililonyooshwa mpaka mikunjo ikawa kama kisu. Pembeni yake alisimama binti aliyevaa hijabu ya kijani, kompyuta mkononi. Samira, mwandishi wa programu.

"Nimekuja kuhusu maji ya Getamuri," Hadiya alisema.

"Ah, afande, lile suala la majina marefu tulishalimaliza zamani."

Hadiya alimtazama.

"Nani kakuuliza habari za majina?"

Hilary alitazama saa yake.

"Nimesema maji," Hadiya alisema. "Majina umeyaleta wewe. Haya, tuambie, majina marefu yana nini?"

"Ni mambo ya kitaalamu."

"Samira, wewe ndiye mtaalamu. Yana nini?"

Samira alimtazama bosi wake kwanza. Kisha akasema, "Programu iko kwenye lugha ya kompyuta iitwayo C. Ndani ya kisanduku, jina la mtu limepewa vyumba vyake, herufi moja chumba kimoja, vimepangana mstari. Herufi zikiisha inawekwa alama ya mwisho, ili anayesoma ajue asimame wapi. Sasa ukinakili jina refu kwenye vyumba vichache, na hukupima, herufi zinazozidi hazipotei. Zinaingia chumba cha jirani na kumfuta aliyekuwemo."

"Na jirani wa jina ni nani?"

"Kwenye kumbukumbu ya kadi, ni namba ya kadi. Kwenye amri inayokwenda kwa pampu..." Alisita. "Ni kiasi cha dawa."

Mzee aligonga fimbo chini. "Wamemweka baba yangu jirani na sumu?"

"Lakini tulishaziba mwanya huo, tafadhali," Hilary aliingilia. "Zamani programu ilitumia strcpy, ambayo inanakili tu bila kuuliza nafasi. Tukaweka strncpy. Mwambie, Samira."

"Ni kweli. Hii unaipa kikomo. Ikifika kwenye kikomo inaacha kunakili."

"Yaani inakata," Hadiya alisema.

"Inakata."

"Inakata jina la nani?" mzee aliuliza.

"Subiri kidogo, mzee. Bwana Hilary, unasema hata jina la ukoo mzima haliwezi kupita?"

"Haliwezi. Ni salama. Tumeripoti hivyo kwa wakubwa wote."

"Vizuri. Samira, gusisha kadi yako hapo."

"Vifaa hivyo ni vya uzinduzi!" Hilary alisema.

"Maji ya mgeni rasmi yana tofauti gani na ya ng'ombe? Gusisha."

Samira aligusisha. Kwenye kioo likatokea neno Samira. Maji yakatiririka tangini, pampu ikakohoa mara moja, ikanyamaza. Hadiya alichota kwa kiganja, akanusa, akanywa.

"Sawa. Mzee, zamu yako."

Mzee alisogea, akaiinua kadi bila kuivua shingoni, akainama kidogo kama anayesalimia mtoto, akagusisha.

Jina likajaza kioo. Halikuishia hapo. Mkiani mwake zikafuata tarakimu, zimeng'ang'ania kama kupe kwenye mkia wa ng'ombe. Na pampu ikaanza. Haikukohoa, ilinguruma. Mpira mwembamba ulicheza kama nyoka aliyekanyagwa, tangi likafuka harufu, kila mtu akaziba pua.

Hilary alikimbilia waya wa umeme. Hadiya alikuwa ameshasimama mbele yake.

"Acha."

"Itamaliza pipa!"

"Getamuri ilimaliza. Nataka kuona kama na hii itamaliza."

"Afande, hii ni mali ya kampuni!"

"Na yule mtoto ni mali ya nani?"

Walisimama hivyo, mkurugenzi na sajenti, uso kwa uso, mpaka pampu ikaanza kuvuta hewa. Samira hakuwatazama. Alikuwa anasoma zile tarakimu kwenye kioo, midomo ikicheza.

"Hiyo ni namba ya kadi yake," alisema polepole. "Imeunganika na jina. Hakuna alama ya mwisho."

"Sema Kiswahili cha watu."

"strncpy inakata, lakini jina likijaza vyumba vyote, haiweki alama ya mwisho. Inaondoka tu, imeacha mlango wazi. Anayekuja kusoma hajui jina limeishia wapi, anaendelea mpaka kwa jirani, anadhani namba ya kadi nayo ni jina. Na ile sehemu inayoandaa amri ya pampu..." Alifungua kompyuta, akaipekua, akaacha. "Hii haikubadilishwa. Bado ni strcpy. Imechukua jina na namba vyote pamoja, ikavimwaga, vikafunika kiasi cha dawa. Pampu imesoma herufi ikadhani ni kipimo."

"Kwa hiyo jina fupi halina shida."

"Fupi linabaki na nafasi ya alama. Ni hili tu lililojaza."

"Ingetakiwa ufanyeje?"

"Nipime kwanza kabla ya kunakili. Likizidi, kisanduku kikatae, kiseme wazi kwamba jina limezidi, kisikate kimya kimya. Alama ya mwisho niiweke mwenyewe kwa mkono. Na nipitie kila mahali jina linaponakiliwa, siyo mahali pamoja."

"Mbona hukupitia?"

"Samira," Hilary alisema. Alisema taratibu, kama mtu anayemwita mbwa wake.

Binti alifunga kompyuta.

"Kule Yaeda Chini pipa liliwahi kuisha hivi hivi, bomba halijaanza kutumiwa na watu. Nikabadilisha sehemu niliyoiona, nikaomba nafasi ya kupitia zilizobaki, visanduku vizimwe kwanza. Akasema mafundi wa kule watakuwa wamelimwaga wenyewe. Akasema nifunge mdomo mpaka uzinduzi upite." Alimgeukia Hilary. "Nimeufunga wangu. Mtoto kaungua wake."

"Huna kazi kuanzia sasa."

"Sawa bosi. Basi natoa maelezo nikiwa huru."

Hadiya alikuwa ameshafungua ukurasa mpya.

*

Gari la Mkaguzi Maximilian liliingia uani kwa kasi, kuku wa jirani wakaruka ukuta. Hilary alikuwa amempigia. Wenye vyeo wana namba za wenzao, na namba hizo hazisumbuliwi na mtandao.

"Sajenti! Nilikuambia faili limefungwa!"

"Nimejaribu kulifunga, afande. Halifungiki. Kuna mtu bado yuko nje yake."

"Huyu mzee ni nani?"

"Shahidi," Hadiya alisema.

"Gidamuhaled Gidashanga Gidaburjanda Gidabanoda," mzee alisema. "Hujanisalimia."

Maximilian alivua kofia. "Shikamoo."

"Marahaba. Umechelewa."

Hadiya alichukua kikombe cha bati cha mafundi kilichokuwa juu ya ukuta, akakichovya tangini, akakileta kimejaa. Maji yalionekana safi kabisa. Ukikipitisha tu karibu na uso, macho yalitokwa na machozi.

"Afande, Nikolausi yuko lokapu. Ufunguo wake ninao mimi hapa. Pipa lile pale lina lakiri, nenda ukaiguse mwenyewe, haijakatwa. Na pipa sasa ni tupu. Kwenye faili lako aliyetia dawa ni Nikolausi, hakuna mwingine. Basi maji haya hayana kitu." Alimnyooshea kikombe. "Kunywa."

Maximilian alikitazama kikombe, hakukipokea.

"Sajenti, unajua kesho anakuja nani?"

"Najua. Na mzee atakuwepo Mogitu, foleni ya kwanza. Kadi anayo. Kikombe kitakuwa cha mgeni rasmi badala ya hiki. Au kunywa hiki, yaishe hapa hapa."

Maximilian alikipokea kikombe. Alikiinua mpaka usawa wa kidevu. Jicho lake la kulia lilianza kutoa maji, halafu na la kushoto.

"Kunywa, mwanangu," mzee alisema. "Mjukuu wangu alikunywa."

Mkaguzi alikisogeza kikombe mdomoni, akapiga chafya, maji yakamwagikia vidole. Akakiweka juu ya boneti ya gari, akajifuta haraka kwenye suruali ya sare. Pale alipojifutia, rangi ikaanza kupauka palepale, mbele ya macho ya wote.

Akatoa simu. Hakumtazama Hilary.

"Kaunta? Mfungulieni Nikolausi Tluway... Ndiyo, sasa hivi. Mpelekeni kwake na gari, na mkifika Getamuri mwambieni mwenyekiti awaite wazee wa maboma, wasikie kwa masikio yao kwamba siye." Akasikiliza. "Na visanduku vyote vizimwe. Vyote. Hata cha Mogitu."

"Maximilian!" Hilary alisema. "Tulikubaliana..."

"Afande," Hadiya aliuliza, "na hilo mlilokubaliana, nalo niliandike?"

Maximilian aliingia garini, akafunga mlango. Kikombe kilianguka kutoka kwenye boneti, kikabiringika mpaka kwenye kiatu cha Hilary.

Hadiya alifunua karatasi safi. Akaipigia mstari kichwani, akamgeukia mkurugenzi.

"Majina yako, tafadhali. Lako, la baba, la babu. Yote," alisema. "Huku hatukati."